Luther Vandross: sauti ile, mauzo yale, na bado hakuwahi kushika namba 1 ya Hot 100. Tatizo lilikuwa wapi?

#1 Kaseti Kuukuu

Habari za jioni wakuu. Swali hili limenikaa kooni miaka mingi, leo nalitoa.

Luther Vandross, mwimbaji wa Marekani. Kazaliwa Bronx, New York, mwaka 1951, kafariki 2005. Grammy 8. Albamu zake zote za studio kuanzia Never Too Much ya 1981 mpaka Power of Love ya 1991, saba kwa hesabu, kila moja ilipata platinamu Marekani, maana yake nakala milioni moja au zaidi. Kwenye chati ya R&B (yaani ya muziki wa weusi) namba 1 ilikuwa kama sebuleni kwake. Lakini njoo kwenye Hot 100, ile chati kuu ya nyimbo ya Marekani inayowapanga wote pamoja: hana wimbo wake hata mmoja uliofika juu kabisa.

Dai langu ni kwamba alifungiwa. Redio za Marekani wakati ule zilikuwa na kuta, huku stesheni za muziki wa weusi, kule za pop, na kuvuka kulitegemea lebo imekusukuma kiasi gani. Ushahidi ninao. Wimbo wa Never Too Much ulikaa namba 1 ya R&B wiki mbili. Hot 100 ukaishia 33. Wimbo uleule, nchi ileile, mwaka uleule. Kama tofauti haikutoka kwa waliokuwa wanaupiga na waliokataa kuupiga, ilitoka wapi?

Karibuni mnipinge.

#2 Dogo Spika

Mkuu mbona Dance with My Father ilishika namba 1? Nakumbuka ilivyokuwa inapigwa kila mahali.

#3 Kaseti Kuukuu

Dogo, iliyoshika namba 1 ni albamu, mwaka 2003. Wiki ya kwanza tu iliuza zaidi ya nakala 400,000, na ndiyo albamu yake pekee iliyofika kileleni kwenye chati ya albamu zote. Wimbo wenyewe uliishia 38. Hata mimi nilishtuka nilipoiona namba hiyo.

#4 Mama Sikio

Mleta uzi, kwanza nikurekebishe: alizaliwa Manhattan. Bronx walihamia baadaye, akiwa kijana anayebalehe. Watu wengi wanakosea hapo.

La pili, nakubaliana nawe nusu. Ukuta ulikuwepo, ila umeusahau ukuta wa televisheni. MTV, stesheni ya video za muziki, ilianza kurusha matangazo tarehe 1 Agosti 1981. Albamu ya Never Too Much ilitoka mwezi huohuo. Yaani mwanaume anaingia sokoni wiki zilezile ambazo soko linahamia kwenye picha, na chombo kipya chenye picha hakitaki kuonyesha weusi. Mlango ulikuja kusukumwa 1983 na Michael Jackson kwa Billie Jean. Mwaka huohuo David Bowie, mwimbaji mzungu wa Uingereza, alikuwa anahojiwa na MTV yenyewe, akawageuzia swali: mbona wasanii weusi ni wachache hivi humu kwenu? Mtangazaji alihangaika kujibu.

Na Bowie alikuwa na haki ya kuuliza, maana alijua vizuri utajiri aliouchota kwa watu hao. Mmoja wao alikuwa Luther.

#5 Fundi Mitambo

Mama Sikio umenifungulia mlango, niingie.

Wengi wanadhani Luther alianza 1981. Hapana. 1981 alikuwa ana miaka 30 na amekwisha kufanya kazi ya muziki zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1969 alikuwa kwenye kundi la vijana lililoitwa Listen My Brother, na walionekana kwenye Sesame Street, kipindi kile cha watoto, katika msimu wake wa kwanza. Kabla ya hapo, akiwa bado shuleni, alikuwa rais wa klabu ya kwanza ya mashabiki wa mwimbaji Patti LaBelle.

Sasa Bowie. Mwaka 1974 Bowie alikuwa anarekodi Young Americans katika studio ya Sigma Sound, Philadelphia. Mpiga gitaa wake Carlos Alomar alikuwa rafiki wa Luther toka zamani, akamwalika aje tu kutazama. Luther amekaa pale na Robin Clark, mke wa Alomar, akaanza kumwimbia polepole kipande cha kuitikia ambacho yeye alidhani kingefaa kwenye wimbo. Bowie akasikia. Akasema kiingie. Ndicho kile mnachokisikia mpaka leo nyuma ya Young Americans. Wimbo mmoja wa Luther uliokuwa unaitwa Funky Music ukageuzwa kuwa Fascination, na jina lake likaandikwa kama mtunzi mwenza. Mgeni aliyekuja kutazama akaondoka na jina kwenye albamu!

Kutoka hapo Bowie akamtambulisha kwa Bette Midler, na mlango mmoja ukafungua mwingine: Roberta Flack, Chic, Donna Summer, Barbra Streisand. Akaimba na matangazo ya biashara mengi sana. Katikati ya miaka hiyo alijaribu na kundi lake mwenyewe lililoitwa Luther, albamu mbili chini ya lebo ya Cotillion, 1976 na 1977. Hazikwenda popote.

Kwa hiyo hoja yangu inapingana na ya mleta uzi. Luther aliyetoka 1981 alikuwa mtu aliyeumwa na lebo tayari. Alirekodi nyimbo zake kwa fedha alizopata kwenye matangazo na kuitikia, akazunguka nazo, na sharti lake lilikuwa moja: nazalisha mwenyewe. Lebo zilikataa mpaka Epic ikakubali. Mtu wa namna hiyo hawezi kukubali prodyuza wa pop aje ambadilishe ili avuke. Hakufungiwa. Alikataa kutoka kwa masharti yao.

#6 Upande B

Fundi Mitambo umemaliza kwenye historia, ila umesahau Change. Mwaka 1980, The Glow of Love na Searching, lile kundi la studio lililoundwa na Waitaliano. Hapo ndipo sauti yake ya mbele ilipoanza kutambulika, mwaka mzima kabla ya Never Too Much.

Mimi nina sababu yangu rahisi: urefu. Sikilizeni kisa.

Nilikuwa narekodi kaseti kutoka kwa kaka yangu mkubwa. Kaseti ya dakika 60, kila upande 30. A House Is Not a Home ya Luther ni dakika saba na ushee. Kila nilipoipanga mwisho wa upande A mkanda ulikuwa unaisha katikati, pale anapoanza kulibembeleza neno moja na kulirudia kwa namna tofauti tofauti. Tak! Kimya. Miaka mingi nilijua wimbo ule unaishia pale. Nilikuja kusikia mwisho wake nikiwa mtu mzima, nimekaa peke yangu, na sikuamini kwamba kulikuwa na dakika mbili nzima ambazo nilikuwa nimenyimwa. Nililia, siogopi kusema.

Sasa niambieni, redio ya pop iliyozoea nyimbo za dakika tatu na nusu ingeupeleka wapi wimbo huo? Luther alikuwa mtu wa albamu na jukwaa. Mwaka 1989 alijaza Wembley Arena ya London usiku kumi mfululizo. Mtu anayejaza ukumbi ule siku kumi anahitaji namba 1 ya nini?

#7 Dogo Spika

Hiyo House ni ya kwake au karudia?

#8 Mama Sikio

Karudia mwanangu. Ilitungwa na Burt Bacharach na Hal David, akaiimba Dionne Warwick mwaka 1964. Na Dionne kwake si mtu wa kawaida. Luther alimwona jukwaani kwenye ukumbi wa Brooklyn Fox akiwa kijana mdogo, na siku zote alisema pale ndipo alipojua anataka kuwa nani. Kuna video ya tuzo za NAACP, chama cha kutetea haki za weusi Marekani, Luther anaimba House, Dionne amekaa mbele kwenye viti anatokwa machozi. Itafute usiku huu, usisubiri kesho.

#9 Dogo Spika

Nimeitazama. Sina la kusema. Asante mama.

#10 Sauti ya Pili

Salaam kwenu. Nimesoma kimya ila naona kuna jambo hamlioni, na mimi ndiyo kazi yangu. Nimeitikia nyuma ya waimbaji miaka kumi na moja, kwaya kwanza, halafu studio.

Muitikiaji anafundishwa vitu vitatu: usimfunike wa mbele, pumzi yako isisikike, na sauti yako ikutane na za wenzako zikawa kama mtu mmoja mwenye midomo mingi. Luther aliyajua hayo kuliko binadamu yeyote aliyerekodi kipindi kile. Chukua wimbo wake wowote, weka hedifoni, acha kumsikiliza yeye, sikiliza walioko nyuma. Lisa Fischer, Fonzi Thornton, Tawatha Agee, Cissy Houston, mama yake Whitney. Kila herufi ya mwisho wa neno wanaikata kwa pamoja. Aliwapanga yeye. Lisa baadaye alishinda Grammy yake mwenyewe, siku ambayo kura zilifungana yeye na Patti LaBelle.

Tabia hiyo haikumtoka hata alipohamia mbele. Hapigi kelele. Wengine wakifika kwenye kiitikio cha mwisho wanapanda juu wanafoka, Luther anashuka. Anapunguza. Anakuacha wewe msikilizaji umalizie. Kwenye gari lenye kelele, au kwenye redio inayopiga nyimbo thelathini kwa saa mbili, sauti ya namna hiyo haimshiki mtu shati. Inataka umkalie. Mimi naamini hilo ndilo lililomnyima Hot 100, na ndilo hilohilo linalonifanya nimpende.

#11 Kaseti Kuukuu

Sauti ya Pili nimekusoma mara mbili. Ila Lionel Richie naye hafoki, na alifika namba 1 mara kadhaa.

#12 Sauti ya Pili

Lionel anakupa wimbo unaoweza kuuimba bafuni. Jaribu kumwimba Luther bafuni kisha uje utuambie hapa.

#13 Upande B

Hahaha Kaseti, hapo kakukamata.

#14 Mzee wa Kava

Mnazunguka mbuyu bure. Sababu ni mwili. Miaka ya themanini ilikuwa miaka ya sura. Luther alikuwa mnene, lebo haikujua imuuze vipi kwa wasichana wa pop. Kila mtu anajua.

#15 Bint Kinanda

Mzee wa Kava, heshima yako, ila hilo halisimami. Luther alipungua sana katikati ya miaka ya themanini. 1986 alipotoa Give Me the Reason alikuwa mwembamba, suti zinamkaa. Stop to Love ya albamu hiyo ilishika namba 1 ya R&B. Hot 100? 15. Haya, mwili haukuwepo tena, ukuta mbona haukuanguka?

Halafu naomba tuongee taratibu tunapofika kwenye mwili wa huyu mtu. Baba yake alikufa kwa kisukari Luther akiwa mtoto mdogo. Yeye mwenyewe alikuwa na kisukari na shinikizo la damu. Maisha yake yote alinenepa na kupungua, akanenepa na kupungua, mbele ya watu, na kila mara watu walikuwa na la kusema. Mama yangu ana kisukari mwaka wa kumi na nne huu. Najua sahani ya chakula inavyoweza kuwa vita ndani ya nyumba, na najua mgonjwa anavyoumia mtu akimwambia punguza tu kula, kana kwamba ni kuzima taa. Nikisikia Luther anatajwa kwa unene kabla ya sauti, ninaumia kwa niaba ya wawili.

#16 Mzee wa Kava

Bint Kinanda nimekuelewa, na pole kwa mama. Sikuwa na nia ya kumdhihaki. Nilichomaanisha ni kwamba lebo ndizo zilizokuwa zinatazama hivyo. Lakini hiyo ya Stop to Love sikuijua, nakiri imenitikisa.

#17 Bint Kinanda

Asante mzee wangu. Yameisha.

#18 Mpita Njia

Mbona hakuna anayesema kuhusu maisha yake binafsi? Hakuoa, hakuwa na mtoto. Yasemwayo mnayajua. Labda ndiyo yaliyofanya lebo imfiche.

#19 Mama Sikio

Lebo haikumficha, sura yake iko kwenye kava za albamu zake. Luther aliulizwa jambo hilo na waandishi maisha yake yote, na maisha yake yote alikataa kulijibu. Aliimba kuhusu mapenzi miaka ishirini na zaidi, na katika mahojiano alisema wazi kwamba yeye mwenyewe hakuyapata kama alivyoyatamani. Hilo peke yake linatosha kunyamazisha mtu mwenye moyo. Aliloamua kulifunga, mimi silifungui. Turudi kwenye muziki.

#20 Fundi Mitambo

Nakazia.

Na nirudi kwa Kaseti. Umesema lebo haikumsukuma. Power of Love ya 1991 ilifika namba 4 Hot 100. Here and Now kabla yake, namba 6, na ndiyo iliyompa Grammy ya kwanza, Februari 1991, baada ya kuteuliwa na kurudi mikono mitupu tangu 1982 alipowania tuzo ya msanii mpya. The Best Things in Life Are Free na Janet Jackson, 1992, namba 10. Halafu Endless Love na Mariah Carey, 1994, namba 2. Huyo si mtu aliyefungiwa chumbani. Huyo ni mtu aliyefika mlangoni mara nyingi akakosa hatua moja.

#21 Kaseti Kuukuu

Zote hizo ni kuanzia 1990 kwenda mbele, Fundi! Miaka tisa baada ya albamu ya kwanza! Toka 1981 mpaka 1989 hakuingia kumi bora ya Hot 100 hata mara moja, na albamu zake zinauza milioni. Watu milioni wananunua albamu, redio inajifanya haimwoni. Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Unanipa mwaka 1994, mimi nakuuliza 1982 ilikuwaje.

Na hiyo namba 2 ya 1994 unajua nani alikuwa juu yake? Boyz II Men na I'll Make Love to You, waliokalia kiti wiki 14. Vijana wa R&B. Ukuta ulikuwa umeshavunjika wakati huo, na waliouvunja walikuwa watu wa kizazi cha Luther waliokuwa wakigonga kwa mikono yao. Walioingia ni wadogo zao.

#22 Upande B

Kaseti hapo umenifanya nisimame. Lakini sasa hiyo ya 1994 ni bahati mbaya tu, si ukuta wala si urefu wa wimbo. Naona kila mtu hapa ana mwaka wake.

#23 Mpita Njia

Mwimbaji Teddy Pendergrass angekuwa mzima baada ya ajali ya 1982, Luther asingepata hata hiyo nafasi aliyopata. Teddy alikuwa baba lao.

#24 Mama Sikio

Teddy tunamheshimu sana, mfungulie uzi wake tutakuja wote. Ila usiwapiganishe. Teddy alikuwa anakuamuru, Luther alikuwa anakuomba.

#25 Bint Kinanda

Na kwenye suala la ajali, Luther naye alikuwa na yake. Januari 1986, Los Angeles, yeye ndiye aliyekuwa anaendesha. Rafiki aliyekuwa ndani ya gari alifariki, naye akaumia. Mwaka huohuo ndio akatoa Give Me the Reason. Huwa naisikiliza albamu ile nikilijua hilo, na siisikii kama zamani.

#26 Sauti ya Pili

Watu wengine wanasahau kazi yake kwa wengine. Mwaka 1982, mwaka mmoja tu baada ya kujulikana, alimzalishia Aretha Franklin albamu ya Jump to It, na wimbo wake ukafika namba 1 ya R&B. Aretha alikuwa na miaka mitano hajafika hapo. Fikiria kumwambia Aretha Franklin, rudia hapo mama, hujanipa vizuri. Walikuwa wanagombana na kupatana. Mwaka huohuo akamzalishia Cheryl Lynn albamu ya Instant Love, na ndani yake wakaimba pamoja If This World Were Mine, wimbo wa Marvin Gaye aliokuwa ameimba na Tammi Terrell mwaka 1967.

#27 Dogo Spika

SUBIRI. If This World Were Mine? Hiyo si ndiyo iko ndani ya wimbo wa Kendrick Lamar na SZA? Ule unaoitwa kwa jina lake, luther!

#28 Fundi Mitambo

Ndiyo huo Dogo. Umetoka Novemba 2024 kwenye albamu ya Kendrick, GNX. Sauti zinazofungua wimbo ni Luther na Cheryl Lynn, 1982.

#29 Dogo Spika

Na ulishika namba 1 ya Hot 100 mwaka 2025, wiki 13! Sasa kwa nini tunasema hajawahi kushika namba 1? Sauti yake iko mle, jina lake ndilo kichwa cha wimbo. Mimi kama kijana wenu nasema alifika. Alichelewa miaka ishirini baada ya kufa lakini alifika. Mimi binafsi nilimjua kupitia huo wimbo, ndio nikarudi nyuma mpaka Never Too Much, ndio nikafika kwenye uzi huu.

#30 Kaseti Kuukuu

Dogo, nimefurahi umemfikia kwa njia yoyote. Ila chati imeandika Kendrick Lamar na SZA. Kipande cha sauti yako kwenye wimbo wa mtu si wimbo wako. Na usisahau hata kipande chenyewe ni cha Marvin kwa utunzi. Mimi siwezi kumhesabia.

#31 Mzee wa Kava

Mimi namhesabia. Jina la mtu likiwa juu ya mlango, nyumba ni yake.

#32 Sauti ya Pili

Basi kama mnahesabu vipande, rudini nyuma zaidi. Part-Time Lover ya Stevie Wonder, 1985, namba 1 ya Hot 100. Ile sauti ya kiume inayozunguka pale nyuma bila maneno, inayocheza cheza juu ya mdundo, ni Luther. Na albamu ya Chic ya 1978 iliyokuwa na Le Freak, nayo namba 1, Luther yumo kwenye orodha ya waimbaji wake. Alikuwa kule juu kabla ya Never Too Much, kabla ya wengi wenu kumjua jina. Alikuwa amesimama hatua mbili nyuma ya kipaza sauti kikuu, mahali tunaposimama sisi.

#33 Upande B

Sauti ya Pili umenitoa jasho. Part-Time Lover nimeicheza miaka yangu yote sikujua.

#34 Mama Sikio

Kwenye Dance with My Father naomba niseme moja, maana mmeipita haraka. Aliitunga na Richard Marx. Alipata kiharusi tarehe 16 Aprili 2003, siku nne kabla ya kutimiza miaka 52. Albamu ilitoka Juni, yeye yuko hospitali. Wengine walisema watu waliinunua kwa huruma. Mimi sikubali. Watu waliinunua kwa sababu mtu wa makamo alikuwa ameimba kama mtoto anayemkumbuka baba yake, na kila nyumba ina mtoto wa namna hiyo.

Februari 2004 albamu ile na nyimbo zake zikampa Grammy nne, pamoja na Wimbo wa Mwaka. Yeye alionekana kwa video tu. Celine Dion akauimba jukwaani, Richard Marx kwenye piano. Mama yake Luther, Bi Mary Ida, alizaa watoto wanne na akawazika wote wanne, Luther wa mwisho, Julai 2005, Riverside Church, Aretha na Stevie wakiimba. Huyo mama ndiye ninayemfikiria kila ninaposikia wimbo ule, kuliko hata baba anayeimbwa.

#35 Bint Kinanda

Mama Sikio. Hapo kwa Bi Mary Ida nimeweka simu chini kwanza.

#36 Fundi Mitambo

Kaseti, bado hujanijibu kuhusu sharti la kuzalisha mwenyewe. Epic hiyohiyo ndiyo iliyokuwa na Michael Jackson. Njia za kuvuka walikuwa nazo. Michael alipokuwa anafanya kazi na prodyuza Quincy Jones, Luther alikuwa anasema mimi na Marcus Miller tunatosha, na Nat Adderley Jr. anatupangia ala. Aliyachagua mazingira yake.

#37 Kaseti Kuukuu

Fundi, Epic hiyohiyo yenye Michael ndiyo iliyojua namna ya kuvusha, kwa hiyo ikishindwa kumvusha mwingine siwezi kusema haikujua. Unanipa ushahidi wangu mwenyewe halafu unasema ni wako. Hatutakubaliana leo.

Sauti ya Pili, nimefanya ulichosema. Nimezima taa, hedifoni masikioni, Part-Time Lover. Nimemsikia. Nikaiwasha tena nikimfuata yeye peke yake mpaka mwisho, Stevie nimemwacha. Nimerudia mara nne. Sasa naingia kwenye Chic, ila mle waitikiaji ni wengi, nielekeze yeye ni yupi.

#38 Sauti ya Pili

Kwenye Chic humpati, na alivyotaka ndivyo. Pale wameshakuwa mtu mmoja. Sikiliza Searching ya Change kwanza, izoee pumzi yake, halafu rudi Chic ujaribu tena.